Chochote

Orodha imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha walimu
kwa mwandiko wa Kazija, umelala kama mpunga baada ya mvua:
Faki, mkaa na seredani mbili.
Salhina, wali wa nazi.
Mwalimu Shaame, samaki, na samaki wake asiguswe na mtu.
Mimi niliyehamia Wete juzijuzi,
mbele ya jina langu wameandika: chochote.

Chochote.
Jepesi mdomoni, zito kikapuni.
Anayekwambia ulete chochote
ana chake moyoni, hakisemi.

Usiku wa kuamkia mandari nimekaa jikoni,
miguu ndani ya beseni la maji,
kaskazi imeninyima usingizi, na akili nayo.
Kachumbari? Tungule zikikaa saa mbili hulia,
nitafika na mchuzi wa aibu.
Urojo wa kwetu Unguja, huo ningewaonyesha!
Lakini njia ya Ngezi na mashimo yake:
ningeshuka Vumawimbi na sufuria tupu
na dereva wa manjano mpaka nyusini.
Sambusa ni za Bi Time wa ofisini,
kuzipeleka ni kutangaza vita.
Chapati zikipoa unaweza kuwambia ngoma.
Na mkate wa kumimina, wangu haujaumuka
tangu nitoke kwa mama.

Nikampigia mama.
"Wenzio wanapeleka nini?"
Nikamsomea orodha, na la samaki kutoguswa.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Mwanamme anayelinda samaki hivyo
huwa hajui kuchoma.
Jirani yako ana muembe?"

Anao. Bi Mize alinirushia embe juu ya ua
kabla sijamaliza salamu: "Chukua, chukua,
usiku mzima zinanipigia bati kama wadai."

Alfajiri mbuzi ikakuna, mchi ukajibu.
Embe mbichi, nazi, kitunguu thomu,
pilipili mbuzi mbili. Nikaonja. Ya tatu.
Ndimu. Nikaonja tena, jicho moja likafumba lenyewe.
Nikaitia kwenye ndoo ndogo iliyokuwa ya siagi.

Garini, kando ya hotipoti ya Salhina
inayong'aa kama meno ya bwana harusi,
ndoo yangu ilikaa kama mtoto
aliyeingia karamuni hajaalikwa.
Nikaifunika kanga. Nikajifunika na mimi.

Shaame alichoma, kweli.
Akabishana mpira na Faki, akachoma.
Akasimulia changu aliyewahi kumnunua Tumbe,
mkubwa, mkono huu mpaka huu, akachoma.
Samaki wakatoka upande mmoja makaa,
upande wa pili wakavu kama risiti.

Watu wana adabu.
Walisema mashallah. Walitafuna.
Walitafuna sana.
Salhina alitazama bahari kama anaisahihisha.

Ndipo mwana wa Kazija, wa miaka minne, asiyejua adabu,
akafunua kanga, akachovya tonge lake,
akasisimka mwili mzima
akachovya tena.
Mkono wa Faki. Mkono wa Bi Time,
bangili zikigongana ukingoni mwa ndoo.
Wali ukapata mwenzi, samaki wakapata msamaha.
Na Shaame, jasho limemjaa paji la uso:
"Samaki wa namna hii ndivyo anavyotakiwa aliwe,"
kana kwamba yeye na mama yangu
walishauriana tangu jana.

Hakuna aliyenishukuru.
Dereva aliipangusa ndoo kwa ganda la boflo,
akaipindua juani, akaikagua ndani
kama aliyedondosha pete.

Leo tena ipo orodha nyuma ya mlango.
Faki, mkaa. Salhina, wali.
Shaame wamempa maji ya kunywa.
Mbele ya jina langu, mwandiko ule ule uliolala:
ile.

Nimesimama naisoma, mkoba begani.
Huu ni mwezi wa sita.
Muembe wa Bi Mize una majani matupu.